Kalamu ya Kijani

Mwalimu wa darasa la watoto wenye vipaji ana kalamu ya kijani, na kalamu hiyo imenichosha. Kila mtoto anachunguza mnyama mmoja na kuandika kitabu kumhusu. Binti yangu ana konokono, na daftari lake limerudishwa mara nne. Mwalimu hapigi kelele, anajikuna sikio, anachora mstari chini ya sentensi, anauliza taratibu, "Umeona mwenyewe?" Kesho vitabu vinashonwa, chetu bado. Leo nikamfuata nimgombeze. Nikamkuta amelala chali chini ya kioo alichokilaza juu ya madawati mawili, shati limejaa chaki, konokono anatambaa juu ya kioo kilichopakwa unga.

"Mwalimu, unamvunja moyo mwanangu!"

"Karibu, mama. Ameandika konokono hana meno. Hebu inama umwone anavyokwangua unga."

Nikainama huku nanung'unika. Kinywa kidogo kilifunguka, kikafumba, na kila kilipopita unga ulibaki na mikwaruzo.

"Sasa nani alimwambia hana meno?"

"Mimi, mwalimu. Nilitaka amalize haraka."

Hakucheka. Akasogea pembeni, akanipa daftari la binti yangu na kalamu ile ya kijani.