Mchoro wa Baba

Juzi, kwenye duka la samani Dar, nilisimama mbele ya meza iliyobandikwa juu yake ubao wa mninga mwembamba kama karatasi. Nikainama kuunusa. Muuzaji akacheka, lakini mimi nilikuwa nimesharudi Kibiti, alasiri ile baba alipokuwa akipiga randa mbao za mninga za mlango wa shangazi yangu wa Mbuchi.

Randa ililia shwaa, shwaa, na maranda yakajikunja miguuni mwangu yakinukia. Kisha baba alichovya kitambaa majini, akaupangusa ubao. Mistari ya kahawia na wekundu ikatokeza ghafla, kama mawimbi.

"Baba, umechora saa ngapi?"

"Tazama vizuri, mwanangu," alisema, akaendelea kupangusa.

Basi nikaamini kachora yeye. Madrasa nzima niliitangazia. Shangazi alipokuja kuchukua mlango wake, nilimsihi asiupake rangi, asije akaifuta kazi ya baba. Hajaupaka mpaka leo.

Sasa najua kwamba mti hujichora wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Lakini muuzaji aliponiuliza, "Dada, mninga unaufahamu?" nilimjibu bila kusita:

"Huu mchoro ni wa baba yangu."