Bwana Mkubwa na Maji ya Kimbiji

Mwezi uliopita bwana mkubwa wa ofisi yetu, Mzungu, aliniomba nimpeleke Temeke kwa mama mmoja muuza pweza, mzaliwa wa Kimbiji, amwulize habari za bahari ya kwao. Bwana alitaka kwenda huko Jumamosi kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Akatandaza ramani kando ya karai. Safari yote alikwisha kuipanga kwa saa.

Mama hakuitazama. Alihesabu siku za mwezi kwa pingili za vidole, akatikisa kichwa.

“Jumamosi bamvua, yale maji makuu ya mwezi, halijaisha, bwana. Maji yatakuwa yanakwenda mbio, na kule chini hutaona hata mkono wako. Ngoja Jumatano, maji yawe mafu.”

“Lakini mapumziko yangu ni Jumamosi!”

“Yako, ndiyo,” alisema mama huku akigeuza pweza. “Ya bahari siyo.”

Bwana akaikunja ramani.

Sisi makarani tukiomba ruhusa hata ya kwenda kuzika, huyu bwana hutuonyesha kalenda ya ukutani. Jumatano ilipofika, tukaarifiwa kwamba anaumwa. Wenzangu walimwombea afya. Mimi nilimwombea maji matulivu.