Kurasa Zisizo na LaVar

Raelene Christensen ni binamu wa mume wangu, na katika mji wetu mdogo wa Bonde la Sanpete hakuna asiyeijua kazi yake. Wanawake wengine huku hushona mablanketi ya viraka, wengine huhifadhi pichi kwenye chupa za kioo. Raelene hutengeneza vitabu vya picha kwa kompyuta. Kila Alhamisi mchana alitufundisha kina mama katika chumba cha nyuma cha maktaba, nami sikukosa, ingawa kurasa zangu mpaka leo zinafanana na ubao wa matangazo.

Yeye alipenda kurasa zinazofanana na mlima wenyewe. Alituagiza tuokote majani yaliyoanguka, tuyakandamize ndani ya kitabu kizito mpaka yanyooke, kisha tuyalaze juu ya kioo cha skana. Jani likishaingia kwenye kompyuta, alisema, ni mali yako. Unaweza kulikuza lijaze ukurasa mzima, au kulififisha mpaka ibaki mishipa tu nyuma ya picha, au kuikata picha ya mtoto ikae ndani ya umbo lake. Kivuli alikisimamia kama polisi.

"Jua ni moja," alituambia. "Jani likitupa kivuli kushoto na picha ikatupa kulia, jicho linakataa, hata kama mtu hajui linakataa nini."

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya rangi. Usichague rangi kichwani mwako, alisema, ichague ndani ya picha. Basi anachukua kijivu cha jiwe, weupe wa gome la aspeni, ule mti mwembamba wa huku mlimani, kijani cha maji ya ziwani, na ukurasa mzima unavalishwa hizo tu. Ukiutazama, unahisi baridi ya mlimani.

Sasa, Raelene ana mdogo wake, Coleen, na Coleen ameolewa na LaVar. LaVar anaendesha gari la kaunti la kuondoa theluji barabarani. Kazini walimpa koti la rangi ya machungwa, ile inayowaka, ili madereva wamwone kwenye tufani. Alilivaa kazini, alilivaa akivua samaki, na shangazi yao mmoja alipozikwa alilivaa pia, kwa sababu siku ile theluji ilikuwa inaanguka na zamu ilikuwa yake. Ni mtu wa sauti kubwa, anayekukumbatia kabla hujajiandaa. Katika kila picha ya familia iliyopigwa kule kwenye nyumba yao ya mbao mlimani, utamwona yupo katikati, amelivaa koti lake, amefungua mdomo anacheka.

Mama yao, Bibi Thora, alikuwa anakaribia siku yake ya kuzaliwa, na ukoo mzima ungekusanyika mwezi wa saba. Raelene alijitolea kumtengenezea kitabu cha miaka yote ya familia, hasa ya mlimani. Mambo yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha uso, akichezea kitambaa cha meza.

Alisema alianza kwa nia njema kabisa. Kwenye ukurasa wa kwanza koti lile lilimchoma macho. Aliweka majani, akaweka gome, lakini kila alipotazama, jicho lilikimbilia kwa LaVar. Akajaribu kulibadilisha koti liwe la kahawia, LaVar akawa kama kichuguu chenye kichwa. Ndipo alipochukua kipande cha shina la aspeni pembeni mwa picha, akakinakili, akakilaza juu ya shemeji yake, akalainisha kingo. Ukurasa ukatulia. Alikaa akiutazama kwa furaha.

Ukurasa wa pili ulikuwa rahisi zaidi. Kwingine alimfunika kwa mti, kwingine kwa jiwe, kwingine akaikata picha kwa umbo la jani ili LaVar abaki nje ya ncha. Kabla kiangazi hakijafika, LaVar hakuwemo kwenye kitabu.

"Na hukuona kwamba hayumo?" nilimuuliza.

"Niliona," akasema. "Nilijiambia hawezi kujali. LaVar hajali kitu."

Siku yenyewe tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Meza zilijaa viazi vya jibini, mahindi, na jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo kila mwaka tunaicheka na kila mwaka inaisha. Kitabu chenyewe kilifungwa kwa utepe, lakini Raelene alitaka kila mtu azione kurasa kwa pamoja, kwa hiyo alileta projekta, na vijana wakateremsha mapazia.

LaVar alikuwa amekaa mbele, karibu na Bibi Thora. Amechana nywele kwa maji. Koti hakuvaa, kulikuwa na joto, na Coleen alikuwa amemnunulia shati jipya la bluu.

"Ngojeni," alikuwa akiwaambia wajukuu waliomzunguka. "Ngojeni mfike kwenye ule mwaka wa samaki. Mnasema babu muongo. Leo mtamwona, mkubwa kama mguu wangu, nimemshika hivi."

Wajukuu wakamcheka. "Babu, mwaka jana alikuwa mkubwa kama mkono."

"Amekua," akasema LaVar.

Raelene alikuwa nyuma yao akiunganisha waya, na alisikia kila neno. Picha ya samaki aliikumbuka vizuri: LaVar ameinua samaki, na wote waliokaa ufukweni wanamtazama na kucheka. Mahali aliposimama LaVar sasa pana mti. Raelene akamwambia mume wangu labda waahirishe, projekta haionekani kuwa nzima. Mume wangu, mtu wa kusaidia asipoombwa, akaigonga kidogo, ikawaka.

Kurasa zikaanza. Watu waliguna kwa kupendezwa, maana zilikuwa nzuri kweli. Ukungu ulipanda kwenye jani lililofifishwa, watoto wa zamani walicheza katikati ya mishipa yake, na maandishi membamba yalipita pembeni kama nyasi. Bibi Thora alishika kifua. Mimi nilikuwa namtazama LaVar bila kujua kwa nini. Kila ukurasa ulipobadilika alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Alikuwa anajitafuta.

Ukurasa wa ziwani ukaja. Bibi Thora macho yake si mazuri siku hizi, lakini huo aliuinamia, akanyoosha kidole.

"Raelene, mwanangu," akasema, "mbona hapa wote wanaucheka mti?"

Ukumbi mzima ukacheka. Ilikuwa kweli: ndugu zao, watoto, Coleen mwenyewe akiwa bado kijana, wote vinywa wazi, macho kwenye mti mwembamba mweupe uliosimama pembeni mwa maji. Kicheko kiliendelea kidogo, kisha mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, kwa sababu kila mtu mzima mle ndani alimkumbuka yule samaki.

Mjukuu mmoja akauliza, "Babu, uko wapi?"

LaVar alikohoa. "Labda mimi ndiye niliyekuwa napiga picha," akasema.

Hapo Raelene angeweza kusema ukweli. Badala yake akasema, "Labda kompyuta imekosea kitu. Siku hizi zinajirekebisha zenyewe."

Coleen aligeuka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti. "Kompyuta ndiyo isiyompenda mume wangu, dada? Rudisha nyuma. Rudisha mpaka mwanzo."

Raelene hakurudisha. Alisimama na kile kidude cha kubonyezea mkononi, uso wake mwekundu mpaka shingoni, na mwanga wa projekta ukimpiga ubavuni. Coleen akaja akakichukua, akarudisha kurasa mwenyewe, moja moja, mbele ya watu wote. Hakuna aliyehitaji kuambiwa atazame nini.

"Ni rangi tu," Raelene akasema mwishowe. "Lile koti, Coleen. Lilikuwa linavunja rangi."

"Ni koti?" akauliza Coleen. "Tazama huu wa kanisani, hakuvaa koti. Amevaa suti aliyonioa nayo. Hapa ulimfutia nini?"

Raelene aliniambia hilo ndilo swali ambalo hajawahi kulijibu, si kwa Coleen wala kwa nafsi yake. Alipofika ukurasa ule alikuwa keshazoea. Labda. Au labda tangu siku ya harusi alikuwa akimwonea aibu mwanamume aliyemwoa mdogo wake, sauti ile, mikono ile yenye grisi, na kompyuta ilimpa tu njia ya kimya ya kulisema.

LaVar aliinuka. Akasema anakwenda kuangalia mahindi kwenye moto, ingawa mahindi yalikuwa yameshaletwa mezani. Akatoka na shati lake jipya. Bibi Thora akawageukia vijana.

"Fungueni mapazia," akasema. "Na hicho kitabu sikitaki mpaka awemo."

Wiki nzima Raelene hakutoka nyumbani. Alhamisi tulikuta mlango wa chumba cha maktaba umefungwa. Bahati yake, alikuwa amefuata jambo moja alilotufundisha, la kutoifanyia kazi picha halisi bali nakala yake, kwa hiyo picha zote za asili zilikuwepo. Akazirudia kurasa zote. Alimtoa LaVar nyuma ya miti, nyuma ya mawe, akazipanua picha alizokuwa amezikata kwa majani. Koti liliruka machoni kama mwanzo, na safari hii hakuligusa. Kurasa nyingine zilikuwa mbaya, aliniambia, na akaziacha hivyo.

Kisha akaenda nyumbani kwa Coleen na LaVar. Coleen hakutoka chumbani. LaVar alikuwa uani chini ya gari lake, akajitoa akiwa amelala chali, akajifuta mikono.

"Nimekuja kuomba radhi, shemeji," Raelene akasema. "Sina cha kujitetea."

LaVar alikaa chini kwenye zege. "Unajua nilifikiri nini?" akasema. "Kila ukurasa nilisema, basi nitakuwa kwenye ule unaofuata. Nikasema shemeji amenihifadhi mwishoni."

Raelene akaanza kulia. LaVar hakujua la kufanya na mwanamke anayelia, mikono yake ikiwa imejaa oili, kwa hiyo akafanya mzaha.

"Sasa kama unaweza kumfuta mtu mzima, ungenipunguzia tumbo tu. Ningekushukuru."

Raelene alisema afadhali LaVar angemtukana. Kusamehewa haraka hivyo, na mtu ambaye yeye alimwona hafai kuonyeshwa, kulimfanya atamani ardhi immeze pale uani. Alimwachia nakala moja ya kitabu kipya akarudi kwa miguu. Bibi Thora alikipokea chake, akakiweka sebuleni, na mgeni akija humwonyesha yule samaki kwanza.

Coleen si LaVar. Sikukuu ya shukrani alikaa meza ya mbali, na chakula kilipopitishwa alimpokea dada yake bakuli bila kumtazama. Raelene amerudi maktaba, anafundisha kwa sauti ndogo kuliko zamani. Mwezi uliopita mwanafunzi mpya alimuuliza jinsi ya kumtoa mtu aliyeharibu picha ya maua. Sote tukashughulika na kompyuta zetu. Raelene akamwambia apange maua upya, akaenda dirishani.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, LaVar alifika na gari lake binafsi, amelifunga bamba la kusukumia theluji, kumsafishia Raelene njia ya nyumbani, kama anavyofanya kila mwaka tangu mume wa Raelene afariki. Raelene alimwona kupitia pazia, na aliniambia kwamba alijificha. Kisha aliona haya kwa kujificha, akachemsha maziwa, akatia kakao, akatoka na kikombe.

LaVar akazima injini, akanywa amesimama, akasema theluji ya mwaka huu ina maji mengi, ni nzito. Raelene akakubali kwamba ni nzito. Coleen alikuwa amekaa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Raelene alikuwa ameleta kikombe cha pili. Alisimama upande wa Coleen amekishika, mvuke ukimpanda usoni, mpaka LaVar alipomaliza chake, akakipokea na hicho pia, akakipitisha ndani kwa mlango wa dereva. Coleen alikishika. Kama alikunywa, Raelene hakuona, maana gari liliondoka.