Nilivyounganisha PDF za mazishi online, kidogo nivuruge boma la watu

Wakuu, habari za huko mliko. Hii si ya kuambiwa, imenitokea mimi mwenyewe na vidole vyangu hivi. Siongezi chumvi hata kidogo, maana hata bila chumvi imenishinda kumeza.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona uniform za shule kwa kibanda changu karibu na Ayany, na naishi Silanga, hapa Nairobi.

Kompyuta sina. Lakini nilipomaliza form four mama alinilipia kozi ya packages, ile ya Word na Excel na kuchora duara kwa Paint. Tangu siku hiyo ukoo wetu wote unaamini mimi ni injinia.

Simu ya shangazi ikijaa, Nekesa. Mtu akisahau password, Nekesa. Spika za kanisa zikinguruma, eti Nekesa aje aangalie. Wakuu, mimi nashona sketi!

Kwa hivyo Baba Mdogo alipofariki, nilijua kazi yangu kabla sijaambiwa.

Baba Mdogo ni ndugu mdogo wa marehemu babangu. Alikuwa fundi wa mawe Kawangware, na kama umewahi kupanga nyumba kule, huenda ukuta uliolalia ni wake. Mtu wa utani mwingi. Mungu amrehemu.

Alikuwa na wake wawili.

Wa kwanza yuko nyumbani, Western. Ndiye alikaa na shamba, akawatunza wazazi wa mzee mpaka akawazika. Tunamwita Mama wa Nyumbani.

Wa pili ni Mama Shiro, mzaliwa wa Kawangware, kwao ni wenye ploti. Hawa wawili hawajawahi kugombana, lakini pia hawajawahi kula sahani moja.

Sasa shikeni jambo hili, kwa sababu uzi wote umesimama hapo. Kwetu mke wa kwanza ndiye mwenye boma. Kwenye mazishi yeye ndiye anaongea kwanza, anarusha mchanga kwanza, na hata kwa programme, kile kijitabu cha mazishi, ukurasa wake unatangulia. Wa pili akitangulia, wazee wanahesabu hayo ni matusi, na hawataki kusikia habari ya kompyuta.

Na Mama Shiro tayari alikuwa na kesi ambayo hakuifanya. Kuna wazee wawili wa ukoo walishasema kwa simu kwamba "huyo wa Nairobi" akileta ujuaji, yeye na watoto wake hawatasimama kaburini.

Siku ya kwanza ya matanga pale kwake, alinivuta jikoni.

"Nekesa, kwa hiyo programme mimi uniweke wa pili. Usinitoe, lakini usiniweke mbele. Watoi wangu wanataka tu kuzika baba yao na amani."

Nikamwambia, "Mama, usijali. Hiyo ni kitu rahisi."

Rahisi! Mdomo huponza kichwa, na wangu hauna breki.

Kwanza, kila mtu alituma PDF. Sijui nani aliwaambia kwamba huzuni bila PDF haihesabiki. Wangeandika tu message nikopi, lakini wapi. Historia ya marehemu, PDF. Kwaya wakapiga picha kitabu cha nyimbo, wakaigeuza PDF, kidole cha mtu kikiwa kimefunika ubeti wa pili.

Ujumbe wa Mama wa Nyumbani aliandikiwa na mwalimu jirani, yeye akatia kidole gumba chini, ukapigwa scan kule sokoni. Ukaja ukiitwa "scan0007". Huo singeweza kuuandika upya hata ningekuwa na kompyuta kumi. Kidole cha mjane hakichapwi.

Wa Mama Shiro ulichapwa na binti yake kwa simu. Ukaja ukiitwa "Asante Baba Shiro".

Nikaingia Google na simu yangu yenye kioo kimepasuka, nikatafuta mahali pa kuunganisha PDF bure.

Wakuu, neno "bure" kwa internet ni mtego wa panya.

Nikabonyeza Download kubwa ya kijani, ikaniletea app ya kusafisha simu. Nikabonyeza nyingine, nikaambiwa nimeshinda zawadi. Mimi nimefiwa, nyinyi mnanipongeza! Download ya ukweli ilikuwa kijineno kidogo cha kijivu chini kabisa, kama mtu anayeficha deni.

Halafu site ikasema kwa bure unapewa faili chache tu kwa mara moja. Kwa hivyo ikabidi niunganishe sehemu sehemu. Cover, ibada na historia pamoja. Tributes, zile jumbe za kumuaga marehemu, pamoja. Kisha hizo mbili ndio niziunganishe tena.

Mara ya kwanza picha ya marehemu ikatoka imelala ubavu. Nikarudia. Mara ya pili nikasahau nyimbo. Nikarudia. Simu yangu ikajaa merged, merged (1), merged (2), mpaka nikawa sijui ipi ni mama na ipi ni mtoto.

Mwishowe ikakaa vizuri. Mama wa Nyumbani mbele, Mama Shiro nyuma yake, watoto, majirani. Niliburuta vile viboksi na kidole kimoja, pole pole, kama mtu anayetia uzi kwa sindano gizani. Nikaitupa kwa group ya mazishi.

Hapo ndipo Ankal Simiyu alipoamka.

Ankal Simiyu ndiye mwenyekiti wa kamati. Anaishi kwa zile ghorofa za Nyayo Highrise, ana kazi ya ofisi, na huandika WhatsApp kama barua ya serikali.

"Nekesa, good work. Kindly add tribute ya wakwe."

Nikaongeza. Kuongeza maana yake ni kuanza tena kutoka mwanzo, lakini nani anajali.

"Kindly add ya chama."

Nikaongeza.

"Kindly add ya workmates wa mjengo."

Kindly! Nimelichukia hilo neno mpaka leo mteja akiniambia kindly nimpunguzie pindo, nashika makasi vibaya.

Na kila nikituma mpya naomba, "Tafadhali fungueni mkague." Majibu yanamiminika. Sawa. Noted. Amina. Mikono ya maombi. Mmoja aliandika "Very touching", na kumbe sikuwa nimemaliza kuituma, ilikuwa bado inazunguka.

Hakuna aliyefungua. Tuambiane ukweli, sisi hatufungui PDF. PDF inakula bundles. Tunaangalia kale kapicha ka cover, tunasema sawa, tunaendelea na maisha. Group nzima ilikuwa inakagua cover.

Siku ya mwisho simu ikakataa kabisa, storage imejaa. Nikaenda cyber moja Kawangware ndani niunganishe na ku-print hapo hapo. Mama wa cyber ni mtu mzuri, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wa kutafuta kazi na passport size, wote wanapumua kwa shingo yangu.

Nikapakia zile tributes. Nikazipanga. Karibu nibonyeze, network ikakwama. Page ikajiload upya, zikarudi.

Wakuu, zilirudi, lakini zilirudi zimejipanga kwa alfabeti.

Asante inaanza na A. Scan inaanza na S, na zile zingine zote zilikuwa zimeitwa "Tribute", zikabaki nyuma. Mashine haijui boma, haijui nani alikaa na shamba, inajua A iko mbele ya S.

Mimi sikuona, nikabonyeza, nikaziunganisha na ile sehemu ya cover. Niliangalia cover, sawa. Picha ya mzee, imesimama. Ukurasa wa mwisho, upo. Nikatuma kwa group mara ya mwisho nikiomba wakague. Sawa. Noted. Amina. Ankal Simiyu akamaliza, "Approved. Print."

Mama wa cyber akaweka namba za kurasa, aka-print upande mmoja tu kwa sababu mashine yake ikigeuza karatasi inaitafuna, akapiga stepla. Nikabeba boksi mpaka kwa Mama Shiro nikijiona shujaa.

Asubuhi tulikuwa kwa ua wake tukingoja gari twende mochari, kisha safari ya Western kuzika. Watu wamevaa, chai imeisha, kwaya inajaribu sauti. Mama Shiro akachukua programme moja, akafungua. Akageuza. Akarudi nyuma. Akageuza tena.

"Nekesa. Nani alikuambia uniweke hapa?"

Nikachungulia. Wakuu, ukurasa wake ulikuwa mbele ya ule wenye kidole gumba. Nilitaka ardhi ipasuke, na nilitaka mama wa cyber, na Google, na Ankal Simiyu wote watumbukie na mimi.

"Mama, ni ile site. Imejipanga yenyewe, walai."

"Najua si wewe." Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Lakini hii imetoka kwangu. Watasema imepikwa kwa nyumba yangu. Nikishuka nayo kule, nani ataamini ni mashine?"

Hakuna. Hata mimi nisingeamini. Wale wazee wawili walikuwa wanangoja kitu kama hicho, na mimi niliwachapishia kwa rangi.

Nikamwambia nakimbia cyber tu-print upya. Nikakimbia kweli, na viatu vya mazishi. Nikakuta mama wa cyber ameketi nje anapepea jiko. Stima imepotea mtaa mzima.

Si ilikuwa lazima ipotee? Ingekaaje siku kama hiyo!

Niliporudi nikimwaga machozi ya hasira, Mama Shiro alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji na kisu cha kukata sukuma mkononi. Alikuwa ameng'oa stepla ya programme moja. Alitoa karatasi yake, akaiweka nyuma ya ile yenye kidole gumba, akazipanga magotini zikalingana.

"Kuna mtu ako na stepla?"

Jirani mwenye duka akaleta. Basi kila mtu akaketi. Kina mama wa chama, wanaume wa kwaya na suti zao, wote wanang'oa vichuma na visu vya jikoni na kucha. Mimi nilikuwa napiga stepla.

Nikataka kumsaidia kuhamisha kurasa ili twende haraka. Akanishika mkono.

"Wacha. Hiyo yangu nitairudisha nyuma mwenyewe."

Na akairudisha, kwa kila programme, moja moja, mpaka boksi likaisha. Dereva alipiga honi akachoka.

Namba za chini hazikubadilika, kwa hivyo ukurasa wa tano sasa ulikuja kabla ya wa nne. Nani angehesabu?

Kule nyumbani wale wazee wawili walichukua programme mapema. Niliwaangalia wakilamba kidole na kufungua. Wakasoma. Wakasoma tena. Wakafunga, wakaanza kulalamika kuhusu hema.

Mama wa Nyumbani aliitwa kwanza. Ujumbe wake ukasomwa na mwalimu, yeye amesimama kando ameshika kitambaa. Halafu Mama Shiro, na watoto wake nyuma yake. Hakuna mtu aliguna.

Wakati wa mchanga, Mama wa Nyumbani alirusha wake. Kisha badala ya kuondoka akasimama pale pale, akageuka, akamnyooshea Mama Shiro mkono wenye udongo.

"Kuja," akasema. Neno moja tu.

Wakarusha wakiwa wameshikana. Mimi fundi nguo nililia mpaka mtu akaniuliza kama mzee alinilea.

Mafunzo, kwa wenye wanataka mafunzo. Ukipewa faili za watu, zipe namba mwanzoni mwa jina, 01, 02, 03, kabla hujapakia popote. Ukimaliza kuunganisha, fungua usome ukurasa kwa ukurasa, usiangalie cover. Na "sawa" ya WhatsApp isikudanganye, hiyo ni salamu tu.

Nimeandika uzi huu leo kwa sababu Ankal Simiyu amenipandisha presha tena. Wiki imepita tangu tuzike, na asubuhi hii ameandika kwa group, mbele ya ukoo mzima:

"Nimepitia programme. Page five imekuja kabla ya page four. Next time Nekesa kindly be careful na mpangilio."

Wakuu! Amepitia! Sasa!

Nilikuwa nimeandika jibu refu, jibu la kunitoa kwa ukoo. Kabla sijatuma, Mama Shiro, ambaye hajawahi kuandika neno kwa hiyo group tangu ifunguliwe, akaandika:

"Hiyo ya tano ni ya Mama wa Nyumbani. Mpangilio ni wangu, na hivyo ndivyo inafaa."

Nikafuta jibu langu.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu aliteuliwa mtu wa kompyuta wa ukoo bila kupigiwa kura, na ulijitoaje?