Mwanatatu na Deni la Nyumba ya Tatu

Mwanatatu wa Likoni alikuwa akishona kwa mkono upesi hata sindano ikatoa moshi. Wallahi niliuona, na jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Anayesema naongeza chumvi na alete sindano yake washindane.

Lakini magauni thelathini si mchezo. Miezi miwili kabla ya Uhuru, shule ya hapa petu ilimpa kazi ya kuwashonea wasichana watakaoimba siku hiyo. Mkono usingetosha. Akavuka na feri kwenda mjini, kwenye duka linalotoa cherehani kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Nami nikamfuata, maana mambo ya watu sipendi kuhadithiwa.

Karani wa duka, kijana aitwaye Rashid, alitupa shikamoo zetu, kisha akafungua daftari wanalopelekeana wenye maduka ili wajue nani halipi. Akapitisha kidole, akakohoa.

"Mama, jina lako limo humu. Deni la maji, Changamwe, tangu mwaka wa hamsini na saba. Shilingi ishirini na nne."

"Jina langu? Limo na kina nani?"

"Na wasiolipa."

Mwanatatu akashika meza. "Changamwe nilikaa kweli, lakini mimi nikidaiwa ndururu silali!"

"Sikukatalii, mama. Lakini tajiri hatoi cherehani mpaka ulete barua ya ofisi ya maji. Na imebaki hii moja. Kuna fundi wa Kisauni amesema ataichukua Jumamosi."

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mwanatatu hakujua kusoma, kama mimi, lakini karatasi yoyote yenye mhuri hakuitupa. Alizitia zote katika mkoba wa ukili: cheti cha ndui, risiti za kodi, hata karatasi ya sabuni yenye picha ya taji, aliyoidhania barua ya serikali. Ijumaa asubuhi tukaenda ofisini, tukamwaga mkoba mzima juu ya meza ya karani, mtu wa Machakos aitwaye Kioko.

Akachambua, akatoa nne.

"Hizi ndizo risiti za maji. Lakini si zako, mama. Zimeandikwa Mwana, nyumba ya tatu."

"Mwana ndiye nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Hebu niulize jina langu kwanza."

"Haya, jina lako nani?"

"Mwanatatu."

"Nyumba ya ngapi?"

"Ya nane!"

Kioko akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama dari. Mwandiko ulikuwa wake.

"Nilikuwa na wiki moja Mombasa," akasema polepole. "Kwetu sikupata kusikia jina lenye hesabu ndani. Uliposema Mwana, tatu, nikadhani unanitajia nyumba. Miezi iliyofuata nikanakili vilevile."

"Basi miezi minne nimemlipia nani maji?"

Hapo nilicheka hata ushungi ukaanguka. Nyumba ya tatu alikaa Lewa, mgema. Mwaka ule alitangaza Changamwe nzima kuwa mizimu ya kwao Kaloleni yamlipia maji, akaichinjia jogoo kwa shukrani.

"Kumbe mzimu mwenyewe ni mimi!" akasema Mwanatatu. "Na jogoo sikuonja hata kidari!"

Kisha akamgeukia Kioko. "Mwanangu, mimi nilihamia Likoni mwaka uleule. Bili zenu zimekuwa zikibisha mlango usio na mtu. Andika barua."

Kioko akaandika, akagonga mhuri.

"Gonga tena," akasema Mwanatatu.

"Mmoja watosha, mama."

"Huo ni wa kosa lako. Sasa gonga wangu."

Akagonga. Naye Lewa akaandikiwa barua yake ya kudaiwa zile ishirini na nne, na nasikia aliisomewa mara tatu hakuamini.

Tukatoka mbio kwenda dukani. Tulitembea upesi hata vivuli vyetu vikachelewa, vikatukuta mlangoni. Rashid akaisoma barua, akachukua kalamu na kulikata jina la Mwanatatu kwa mstari mrefu.

"Mama, hudaiwi na mtu."

"Nilijua. Nilitaka daftari lako nalo lijue."

Jioni ile cherehani ikavuka juu ya mkokoteni wa hamali, Mwanatatu ameishika kwa mikono miwili kama mgonjwa apelekwaye hospitali. Magauni thelathini yakaisha wiki nzima kabla ya Uhuru, mishipi na yote.

Alipopumua nikampelekea leso yangu iliyochanika. "Nipitishie mara moja tu, shoga."

Akapitisha, akanyoosha mkono. "Thumuni."

"Mimi shahidi wako?"

"Shahidi gani, kazi yako ofisini ilikuwa kucheka. Lete thumuni, mwenzangu, nina cherehani ya kulipia mwisho wa mwezi."

Nikatoa shilingi nzima. Na nikamwambia anihesabie chenji.