Mechi ya Mwanangu Niliyoisikiliza Barazani

Atukuzwe Mungu, anayeinyeshea Rungwe mvua bila kuombwa mara mbili, na aliyenijalia uzee wenye kicheko ndani yake. Kwa neema yake nasimulia.

Mwanangu wa pili alikuwa mwalimu, mrefu hata akainama katika kila mlango wa kijiji chetu, Ibighi. Mpira wa kikapu alijifunza chuoni. Mmisionari mmoja Mmarekani alimwona akicheza, akamtafutia nafasi ya masomo katika chuo kidogo cha kanisa huko kwao. Angesoma, na angeichezea timu ya chuo. Aliondoka muda mfupi baada ya harusi, akamwacha mkewe nyumbani kwetu.

Sisi Wanyakyusa, mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima. Mimi mkwe wangu nilimjua kwa mchicha alioupanda na kwa mlio wa mchi wake. Nikikohoa njiani, yeye hupinda akaingia migombani.

Mume alikaa kimya muda mrefu, na watu wakaanza maneno kwamba aliyekwenda Marekani harudi. Mwishowe kaka yake mkwe wangu akashuka kutoka Lufingo, kijana mwenye adabu na msimamo.

"Baba," akaniambia, "dada yangu hawezi kukaa kama mjane na mume yu hai. Kesho asubuhi narudi naye nyumbani."

Sikubishana naye, maana alisema kwa uchungu wa dada yake. Lakini wiki ile mmisionari alikuwa ametuletea mkanda wa video kutoka kwa mwanangu, mechi ya mwanzoni mwa msimu, nasi tulikuwa tukitafuta pa kuutazamia. Nikamwomba autazame kwanza.

"Nitautazama, baba. Ila nikiona ametusahau, naondoka na dada."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa na duka Makandana, na humo aliuza mitumba, redio, hata televisheni na deki ya kuchezea mikanda.

"Mzee, umewahi," akanipokea barazani. "Deki hii imepata mnunuzi wa Mbeya, anakuja kuichukua jioni. Na umeme umekatika. Petroli ya jenereta inatosha kuonyesha mara moja tu."

Duka lilikuwa chumba kimoja. Nilipofika mlangoni nikaona kitenge kikijificha nyuma ya marobota ya mitumba: mkwe wangu, aliyekuja na mke wangu. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka nje, akanyeshewe, ili mimi niingie. Nikageuka haraka.

"Mama," nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, "mimi nakaa barazani. Uwe macho yangu."

Mwenye duka akanipa kigoda na mwavuli, nikaketi nikiupa mlango mgongo. Jenereta likanguruma.

"Unaona nini, mama?"

"Ni kama mpira wa pete, baba, ila wanaocheza ni wanaume, na wana haraka kama wameiba!"

"Na mwanetu?"

"Yupo! Amekaa kitini, amejifunika taulo jeupe. Wenzake wanatoka jasho, yeye ametulia karibu na mzee mmoja aliyevaa tai."

Moyo wangu ukajaa. Kwetu, wengine wakilima na mmoja akakaa kitini, huyo ndiye mkubwa wao.

"Bwana asifiwe!" nikasema. "Wamempa heshima hata ugenini!"

Mwenye duka akacheka mpaka akapaliwa. "Mzee wangu, huyo mwenye tai ni kocha. Mwanao yuko benchi. Msimu ndiyo kwanza unaanza, bado hawajamwamini."

"Kwa hiyo anangoja?"

"Anangoja."

"Basi, kungoja ni kazi ya ukoo wetu," nikasema, na ndani wakacheka.

Tukaendelea kungoja naye, mvua ikipiga bati. Kisha mke wangu akapiga kelele, "Anavua taulo! Anaingia! Ameupata mpira... anarusha..."



"Mama?"

"Umegonga chuma, umerudi."

Hapo kaka mtu, aliyekuwa humo ndani na dada yake, akasahau kilichomleta. "Ufuate, shemeji! Usisimame kama mgomba, ufuate!"

Ndipo sauti ya kike, nyembamba na safi, ikalishinda jenereta: "Ameudaka! Ameutia! Ameutia!"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mkwe wangu niliyoyasikia tangu aolewe. Duka zima likanyamaza, wamekumbuka nipo nje. Nami nikatazama mvua, kama mtu asiyesikia kitu.

Mechi ilipokwisha, mle mle mkandani, aliyekuwa akipiga picha alimsogelea mwanangu, na sauti yake ikanifikia hadi barazani. "Mugonile," akatusalimu kwa lugha yetu. Akamwambia mkewe kwamba chuo kimekubali waishi pamoja, na likizo ndefu ikifika atakuja mwenyewe kumchukua. Asichoke.

Kaka mtu akatoka, akasimama kando yangu, akakohoa.

"Baba, mvua hii ni kubwa kwa safari ya watu wawili. Kesho narudi Lufingo peke yangu."

"Ndaga fijo, mwanangu," nikamjibu. Asante sana. Nikamsogezea mwavuli.

Mwanangu alikuja kama alivyoahidi, wakaondoka pamoja. Deki ilikwenda Mbeya jioni ile ile, na mkanda aliuchukua mkwe wangu. Mpaka leo sijauona, na sijapungukiwa na kitu.

Nawe unayesoma, Mungu aibariki nyumba yako. Awalinde walio safarini, awape subira waliobaki, na siku ya kukutana awajaze furaha. Amina.