Fugwe Niliyoigundua Nikiwa Mlangoni

Aibu hii nimeificha miaka, lakini kwa vile kijiji kizima cha Katelembo bado kinaicheka, heri niisimulie mwenyewe kabla hakijaitia chumvi (chumvi nitatia mimi).

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya kilimo, cheti bado kina joto, na kilichonikaa kichwani kuliko vyote ni aina za kuvu zinazoushambulia mmea: kutu, ile ya vidoa vyekundu kwenye majani ya maharagwe, ubwiri mweupe kama unga, na fugwe inayogeuza mahindi kuwa poda nyeusi. Kila jani nililiuliza ukoo wake, hata sukuma wiki zikaanza kuniogopa.

Basi mvua ya vuli ikikaribia, nikamtembelea mama mkwe. Kwetu Wakamba mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe, kwa hivyo nikasimama mlangoni, nikachungulia, nikaona mahindi yake yote ya mbegu yamening'inia juu ya mafiga, meusi tii.

"Fugwe!" nikapiga kelele. "Itamaliza Machakos yote! Ichomwe!"

Majirani wakasikia, wakakimbilia mbegu zao, wakazileta na kuzimwaga uani, rundo likapita kanisa kwa urefu, na zote zilikuwa nyeusi, nami nikatangaza mlipuko wa ugonjwa. Mama mkwe ameshika kiberiti.

"Mkwe wangu, nikichoma hii, tutapanda nini?"

"Sayansi haina huruma, mama."

Akanitazama, akavuta ncha ya leso, akapangusa hindi moja. Punje zikatoka nyeupe, zinacheka.

"Hii ni masizi ya moshi. Mahindi tunayatundika juu ya mafiga wadudu wasiyale."

"Daktari!" akaita jirani mmoja, Mama Kioko. "Sufuria yangu iko na fugwe miaka kumi, nichome?"

Walicheka mpaka kuku wakahama. Nikainama kwenye rundo kuficha uso, na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikatazama kwa karibu: hindi moja limevimba, limepasuka, poda nyeusi inamwagika kutoka ndani. Nikalipangusa, weusi haukuisha.

"Hii sasa ndiyo," nikanong'ona. Lilikuwa la Mama Kioko, aliyekuwa amekomba ghala lote kwa haraka bila kuchagua.

Hilo pekee ndilo tulilochoma. Mengine yalipandwa, na vuli ile yakaota yote, hata yaliyodondoka njiani.

Nimeapa sitautaja tena ugonjwa nikiwa mlangoni. Na kila msimu, kabla ya kupanda, mama mkwe hunitolea mbegu uani niikague, na juu yake ameweka kitambaa chenye maji.